Macho yanatazamana, saa inakwenda: tamthilia za Kituruki na siri ya urefu wake

Shangazi yangu wa Tanga ana ugomvi wa kudumu na tamthilia za Kituruki. Hagombani na wabaya wa kisa, hao anawafurahia. Anagombana na mahali sehemu inapokatikia. Mama mkwe ameshika bahasha, anaifungua, macho yanamtoka, muziki unapanda, mara majina ya waigizaji yanaanza kupita. Kesho yake shangazi anawahi kukaa, kumbe bahasha ina risiti ya fundi cherehani. Siku nyingine sehemu inaisha watu wanakunywa chai tu, hakuna aliyelia, hakuna aliyegonga mlango. "Huyu aliyetengeneza," huniambia, "hajui pa kukatia."

Anajua sana. Ila anachokiona shangazi sicho alichokitengeneza mwenyewe. Kule Uturuki sehemu moja ya tamthilia hurushwa mara moja kwa wiki, na bila matangazo ya biashara hufika saa mbili, mara nyingi zaidi ya hapo. Ikishauzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, ili kituo kilichonunua kipate cha kuonyesha kila siku. Mwisho wa kweli, ule uliopangwa na mwandishi, unakufikia mara moja katika vipande vitatu. Vingine huishia pale kisu kilipoangukia. Tamthilia iitwayo Gümüş, ya enzi ambazo sehemu zilikuwa hazijarefuka hivi, ilikuwa na sehemu 100 nyumbani. Waarabu walipoipokea zilikuwa zimekuwa 154, bila kuongezwa hata tukio moja.

Sasa swali zuri zaidi ni lile la nyuma yake: kwa nini sehemu moja iwe ndefu kuliko filamu ya sinema? Nani anayetengeneza filamu nzima kila wiki, Septemba hadi Juni, na kwa faida gani? Ukilifuata swali hilo unajikuta umeeleza pia yale mengine yote watu wanayoyasemea tamthilia hizi: mwendo wa taratibu, muziki usiokoma, na wale wapenzi wanaotazamana mpaka chai inapoa.

Waturuki wenyewe wanaziita dizi. Ni neno la kawaida kwao, lenye maana ya mfululizo, vitu vilivyopangwa kwa mstari kama shanga kwenye uzi. Lakini kabla ya dizi palikuwa na Yeşilçam, na hapo ndipo tabia nyingi za dizi zilipojengeka.

Yeşilçam ni jina la mtaa katika eneo la Beyoğlu, Istanbul, ambako kampuni za filamu zilikuwa na ofisi zao. Likaja kuwa jina la tasnia nzima, kama watu wanavyosema Hollywood au Bollywood. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 Uturuki ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa filamu nyingi kabisa duniani. Mwaka 1972 pekee zilikaribia 300. Fedha zilikuwa kidogo, na nyingi kati ya filamu hizo zilipigwa bila sauti, kisha waigizaji, au watu wengine kabisa, wakaingia studio kuweka maneno baadaye. Kwa hiyo mtazamaji wa Kituruki alizoea tangu zamani kuona mdomo unasema hivi na sauti inakuja vile. Sisi tunaona kutia sauti ni jambo la kigeni. Kwao hata steringi wa nyumbani alikuwa ametiwa sauti.

Namna fedha zilivyopatikana inafurahisha. Mtayarishaji hakuwa na benki. Alikuwa na wasambazaji wa mikoani, Adana, İzmir, Samsun na kwingineko, waliomlipa kabla filamu haijapigwa. Mtu anayelipa kabla huwa na masharti. Msambazaji alijua watu wa mkoa wake wanalia kwa kisa gani, wanamshangilia nani, wanakasirika mwisho ukiwaje, naye aliagiza hivyohivyo: nataka filamu ya Türkan Şoray, awe maskini, apendwe na mtoto wa tajiri, mama yake kijana akatae. Mtazamaji alikuwa ameketi kwenye meza ya mwandishi kabla mwandishi hajashika kalamu. Shika hilo, tutalirudia.

Huyo Türkan Şoray, ambaye Waturuki hadi leo wanamwita Sultani wa sinema yao, alikuwa na masharti yake yaliyojulikana kama sheria za Şoray, na mojawapo ni kwamba hapigi busu mbele ya kamera. Mwongozaji aliyetaka kuonyesha mapenzi makubwa ya mwanamke asiyebusu alibakiwa na kitu kimoja cha kupiga picha: macho. Naye Şoray alikuwa na macho.

Tusiwaonee watu wa Yeşilçam kwa kudhani walitoa vilio tu. Mwongozaji Metin Erksan alishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 1964 kwa filamu ya kijiji kinachogombania maji. Yılmaz Güney aliandika Yol akiwa gerezani, Şerif Gören akaiongoza kwa maelekezo yake. Güney akatoroka, akaimalizia Ulaya, na mwaka 1982 ikapata tuzo kuu ya Cannes kwa kugawana na filamu nyingine. Mkondo huo wa sinema nzito haukufa. Nuri Bilge Ceylan aliirudisha tuzo hiyo Uturuki mwaka 2014. Ila watazamaji wa Ceylan na watazamaji wa shangazi hawakutani mara kwa mara.

Yeşilçam ilianguka kwa kupigwa pande zote. Televisheni iliingia majumbani, vurugu za kisiasa za mwishoni mwa miaka ya 1970 zikawafanya watu waogope kutoka usiku, watayarishaji waliofilisika wakakimbilia filamu za uchi zilizozifukuza familia kwenye kumbi, kisha yakaja mapinduzi ya kijeshi ya Septemba 1980. Mwishoni mwa muongo huo kampuni kubwa za Marekani ziliruhusiwa kusambaza filamu zake moja kwa moja nchini. Sinema ya nyumbani ikabaki jina. Waigizaji, wapiga picha, mafundi wa taa na waandishi wa vilio hawakuyeyuka lakini. Walikaa wakisubiri mlango mwingine.

Mlango wenyewe ulikuwa televisheni, na kwa miaka mingi ulikuwa na bawabu mmoja. Shirika la serikali, TRT, lilianza kurusha picha Ankara tarehe 31 Januari 1968, na mpaka mwaka 1990 hapakuwa na mwingine. TRT ilipenda fasihi. Mwaka 1975 ilimpa mwongozaji Halit Refiğ kazi ya kuigeuza riwaya ya Halit Ziya Uşaklıgil, Aşk-ı Memnu, kisa cha mwanamke kijana aliyeolewa na mzee tajiri kisha akampenda mpwa wa mumewe. Refiğ aliimaliza kwa sehemu sita.

Riwaya hiyohiyo ilipotengenezwa upya na kituo cha Kanal D kati ya mwaka 2008 na 2010, ilichukua sehemu 79, kila moja ya saa moja na nusu hivi. Riwaya haikuongezeka kurasa. Kilichobadilika ni mwenye televisheni.

Mwaka 1990 kituo cha kwanza cha binafsi kilianza kurusha matangazo ya Kituruki kwa setilaiti kutoka Ujerumani, kwa kuwa sheria ya nyumbani ilikuwa haijaruhusu. Vingine vikafuata kwa kasi, hadi katiba ikabidi irekebishwe mwaka 1993, na mwaka uliofuata likaundwa baraza la kusimamia utangazaji, RTÜK. Vituo hivi vinaishi kwa matangazo ya biashara, na hapa ndipo hesabu ya urefu inapoanza.

Sheria inaruhusu matangazo yasiyozidi sehemu ya tano ya kila saa, yaani dakika 12. Tuseme una tamthilia ambayo nusu ya nchi inaitazama Alhamisi usiku. Watangazaji wa sabuni, simu na magari wanapanga foleni. Ukiwa na tamthilia ya saa moja una dakika 12 za kuwauzia. Ukiwa na ya saa tatu una dakika 36, kwa watazamaji walewale, kwa nyota walewale ambao umeshawalipa. Tena hulazimiki kununua kipindi kingine cha kujaza usiku. Miaka ya 1990 sehemu moja ilikaribia saa moja. Miaka ya 2000 ikafika dakika 90. Leo 120 hadi 140 ni jambo la kawaida. Ongeza muhtasari wa wiki iliyopita, ongeza matangazo, na familia iliyokaa saa mbili usiku inainuka saa sita ya usiku imeshapita.

Mwandishi naye afanye nini? Anatakiwa kila wiki kujaza muda ambao kisa hakina matukio ya kuujaza. Hapo ndipo mtu anapotembea kwenye korido kwa muziki mzima. Hapo ndipo tunapoonyeshwa Bosphorus kutoka angani, asubuhi, jioni, na tena usiku. Habari moja anaambiwa baba, kisha mama, kisha dada, kisha mtumishi aliyekuwa nyuma ya mlango, na kila mmoja anapigwa picha ya uso wake anapoisikia. Watunzi wa muziki kama Toygar Işıklı, aliyeitungia Aşk-ı Memnu ya pili na baadaye Kara Sevda, wamekuwa watu mashuhuri kwa sababu katika tamthilia ya aina hii muziki ndio unaobeba dakika ambazo hazina maneno.

Kizuizi cha pili kinatoka RTÜK. Baraza hilo hutoza faini na kusimamisha vipindi kwa jambo linaloonekana kukiuka maadili ya familia. Sigara hufunikwa kwa ukungu, glasi ya pombe vilevile. Mambo ya chumbani hukatwa mapema. Mwaka 2023 Kızılcık Şerbeti, tamthilia inayozigonganisha familia ya kidini na ya kisasa kwa ndoa ya watoto wao, ilisimamishwa kwa sehemu tano kufuatia tukio la ukatili dhidi ya mwanamke. Waandishi wanaandika wakijua kuna jicho.

Sasa weka vizuizi hivyo viwili pamoja: muda mwingi kupita kiasi, na ruhusa chache kupita kiasi. Wapenzi wana saa mbili na nusu za kuwa pamoja na hawaruhusiwi kufanya chochote. Watatazamana. Mkono utakaribia mkono, mlango utafunguliwa, mikono itarudi. Wiki sita zitapita kabla ya busu, na likija linakuwa tukio la kitaifa. Mimi naamini, na najua wapo watakaonibishia, kwamba dizi haikuushinda ulimwengu licha ya kasoro hizi. Iliushinda kwa sababu yake. Katika soko lililojaa tamthilia za Marekani ambako watu wanajuana dakika ya tano na kuachana dakika ya ishirini, Mturuki alileta kitu ambacho watu wengi duniani walikuwa na hamu nacho na hawakikuti tena: kusubiri.

Na lile la Yeşilçam nililosema tulishike? Vipimo vya watazamaji hutoka asubuhi baada ya kila sehemu. Kwa kuwa tamthilia inapigwa wiki kwa wiki, mara nyingi sehemu moja au mbili tu mbele ya ile inayorushwa, kisa kinaweza kupinda. Mhusika aliyependwa hupewa nafasi zaidi, asiyependwa hupata ajali ya gari. Tamthilia ikikosa watazamaji kwa wiki chache hufutwa, na wale wanaomalizia kisa hupewa sehemu moja au mbili za kukifunga. Ndiyo maana nyingine zinaisha ghafla kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Msambazaji wa Adana amebadilika sura tu; bado ameketi kwenye meza ya mwandishi.

Habari ya kutoka nje ya mipaka huanzwa kusimuliwa na Gümüş, ingawa kabla yake zilishauzwa tamthilia Asia ya Kati, na mwaka 2005 Wagiriki waliipenda moja inayohusu binti wa Kituruki na kijana wa Kigiriki. Gümüş nyumbani haikutikisa. MBC, mtandao wa televisheni wa Kisaudia, iliinunua kwa bei ya chini, ikaibadilisha jina kuwa Noor, ikawabadilisha wahusika majina yakawa ya Kiarabu, na ikafanya uamuzi mmoja wa busara: haikuitia Kiarabu cha vitabuni, kile kilichozoeleka kwenye tamthilia za Kimeksiko, bali Kiarabu cha mtaani cha Syria, ambacho masikio ya Waarabu yalikuwa yameshakizoea kwa sababu tamthilia za Damascus zilitamba. Ghafla watu wa Istanbul walikuwa wanaongea kama jirani.

Sehemu ya mwisho ilipoonyeshwa tarehe 30 Agosti 2008, MBC ilitangaza kwamba watazamaji walifika milioni 85. Kıvanç Tatlıtuğ, aliyeigiza mume wa Noor, na aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kabla ya kuwa mwanamitindo, akawa mume wa kufikirika wa nusu ya Uarabuni: mrefu, macho ya rangi, anayemletea mkewe maua na kumtaka ushauri wa kazi. Mufti Mkuu wa Saudi Arabia akazikemea hadharani tamthilia hizo. Watalii wa Kiarabu wakaanza kupanda boti kwenda kuitazama nyumba ya ufukweni ilikopigwa. Waswahili wa Muscat waliokuwa na MBC sebuleni walikuwa wameshakutana na dizi miaka kadhaa kabla yetu.

Kilichowagusa watu hawa hakikuwa utajiri peke yake, ingawa majumba yale ya Bosphorus yanasaidia. Ni mchanganyiko ambao Hollywood haikuwa nao. Mwanamke anafanya kazi na kuvaa anavyotaka, na bado jioni babu ndiye anayeketi mwisho wa meza. Mtu ana gari la kisasa, na siku ya Idi anaubusu mkono wa bibi yake na kuupeleka kwenye paji la uso. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo haelezwi maana ya hilo. Hata lugha inasaidia kidogo kwa Mswahili anayeisikia bila kutiwa sauti: haber ni habari, dünya ni dunia, asker ni askari, saat ni saa, hesap ni hesabu. Sır ni siri, na sabır ni subira, na ukiwa na hayo mawili umeshika nusu ya kila kisa. Tahadhari na misafir tu, kwao ni mgeni aliyekuja nyumbani, si yule aliye njiani.

Halafu ikaja ile ambayo huku kwetu inajulikana kwa neno moja tu, Sultan. Muhteşem Yüzyıl, yaani Karne Tukufu, ilianza Januari 2011 na kuisha 2014 ikiwa na sehemu 139. Inahusu Sultan Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, na mtumwa aliyeletwa kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine akaishia kuwa mke wake wa ndoa, Hürrem. Matukio makubwa ni ya kweli: Ibrahim Pasha aliuawa kwa amri ya rafiki yake sultani mwaka 1536, na Mustafa, mwana wa sultani huyo, aliuawa kwa amri ya baba yake mwaka 1553. Maneno waliyosemezana usiku ndani ya harem ni ya marehemu Meral Okay na waandishi waliompokea kalamu alipofariki mwaka 2012. Tofauti hiyo ilisahaulika haraka. Mustafa alipouawa kwenye skrini, watu walimiminika kwenye kaburi lake mjini Bursa, kumlilia mtu aliyekufa zaidi ya miaka 460 iliyopita.

(Na kwa anayedhani Waosmani ni habari za mbali: zama za Murad wa Tatu, mjukuu wa huyo Suleiman, nahodha Mir Ali Bey alikuja na merikebu zake mpaka pwani yetu, na Wareno walimkamata Mombasa mwaka 1589.)

Kuna jambo moja la Sultan ambalo watazamaji wengi wa Kiswahili walilalamikia bila kupata jibu: Hürrem alibadilika sura. Halikuwa kosa la mitambo. Meryem Uzerli, aliyeigiza nafasi hiyo, aliondoka ghafla mwaka 2013 akaenda Ujerumani, akisema amechoka kupita kiasi, na nafasi ikachukuliwa na Vahide Perçin. Uchovu huo si wa kushangaza. Kutengeneza filamu ndefu kila wiki maana yake ni kupiga picha siku sita, saa nyingi mno, mara nyingine vikundi viwili vikifanya kazi sehemu mbili tofauti ili tarehe ifikiwe. Mwishoni mwa mwaka 2010 wafanyakazi wa tasnia waliandamana Istanbul na kaulimbiu inayochezea maneno: "Yerli dizi, yersiz uzun", tamthilia ni ya kwetu, urefu wake hauna pa kukaa. Mwaka uliofuata waigizaji wakaunda chama chao. Urefu haukupungua.

Sultan pia ndiyo iliyoonyesha kwamba watawala walikuwa wanatazama. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, aliishambulia hotubani akisema Suleiman wanayemjua wao alitumia miaka 30 juu ya farasi vitani, siye huyu wa kwenye majumba na wanawake. Miaka miwili baadaye TRT, televisheni ya serikali, ikaja na jibu la aina yake: Diriliş: Ertuğrul, kisa cha baba wa mwanzilishi wa dola ya Waosmani, farasi wengi, panga nyingi, sala kabla ya vita, na wanawake walioshika upinde. Pakistan, waziri mkuu Imran Khan aliisifia, na televisheni ya taifa ikaanza kuirusha kwa Kiurdu katika Ramadhani ya 2020, ikapata mapokezi makubwa mno. Ni kosa hata hivyo kudhani dizi zote ni mkono wa serikali. Nyingi zaidi ni biashara ya kampuni binafsi kama Ay Yapım, na serikali inazibana hizo hizo inazojivunia nje.

Siasa huchoma pande zote mbili. Januari 2010 naibu waziri wa Israel alimkalisha balozi wa Uturuki kwenye kiti kifupi mbele ya kamera ili kumdhalilisha, sababu mojawapo ikiwa tamthilia ya majasusi, Kurtlar Vadisi. Machi 2018 MBC, ileile iliyomtengeneza Noor, iliziondoa hewani tamthilia zote za Kituruki kwa mpigo mmoja, wakati Riyadh na Ankara hazielewani. Watazamaji wakahamia intaneti.

Kufikia hapo soko halikuwa la Waarabu tu. Chile ilifungua mlango wa Amerika ya Kusini mwaka 2014 kwa kuonyesha Binbir Gece, jambo ambalo ni kama kuwauzia Wapemba karafuu: hao ndio watu wa telenovela. Mwaka 2017 Kara Sevda ilitwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy katika kundi la telenovela, na miaka miwili baadaye Haluk Bilginer akapata ya mwigizaji bora. Leo Uturuki hutajwa mara kwa mara kuwa ya pili baada ya Marekani kwa kuuza tamthilia nje.

Kwetu zilifika kwa njia ya sauti. Tamthilia za Kifilipino na Kimeksiko tulizitazama miaka mingi kwa Kiingereza, na asiyejua Kiingereza aliangalia nyuso na kumuuliza mtoto wa shule. Kwenye vibanda umiza palikuwa na Lufufu, na kule Kenya DJ Afro, waliosimulia filamu nzima kwa mdomo mmoja, ila hao walikuwa wafalme wa filamu za ngumi. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake kwa Kiswahili, na watu wakaona inawezekana. Azam TV iliporusha Sultan kwa sauti za Kiswahili, tena sauti za waigizaji tofauti kwa wahusika tofauti, ilimpata mtazamaji ambaye hakuwahi kuhesabiwa: mama wa makamo, mwenye king'amuzi, asiyehitaji mtu wa kumtafsiria. Ethiopia ilikuwa imepita njia hiyohiyo. Kituo cha Kana kilianza mwaka 2016 kwa tamthilia za nje zilizotiwa Kiamhari, za Kituruki zikiwa mbele, na wasanii wa nyumbani wakapiga kelele kwamba wananyang'anywa watazamaji. Hoja yao haikuwa ya wivu mtupu. Kuinunua tamthilia iliyokwisha kurudisha gharama zake nyumbani na kuitia sauti ni nafuu kuliko kuajiri kikosi kizima na kutengeneza mpya, na hilo linamwumiza mwigizaji wa Addis Ababa kama linavyoweza kumwumiza wa Dar es Salaam.

Tangu Desemba 2018 kuna dizi ya aina nyingine. Netflix ilitoa tamthilia yake ya kwanza ya Kituruki, Hakan: Muhafız: sehemu kumi kwa msimu wa kwanza, fupi, hakuna matangazo ya kusubiri. Mwandishi hana saa tatu za kujaza. Sehemu inakatikia pale alipotaka ikatikie, na kwa waandishi wengi wa Istanbul hiyo ni ahueni waliyoitafuta tangu yale maandamano ya 2010.

Nilimwonyesha shangazi sehemu ya kwanza kwenye simu, mimi nikimtafsiria. Alitazama kijana wa sokoni akifiwa, akikimbizwa, akiambiwa siri ya ukoo na akikabidhiwa jukumu la kuulinda mji mzima. Sehemu ilikatikia mahali pazuri kabisa. Akanirudishia simu.

"Mbona hawa wana haraka hivyo," akasema, "kwani wanakwenda wapi?"